Vijiko Kumi na Vitatu

Wanjiku na Furaha, kabla sijawakabidhi mwavuli wa kuongozea wageni mliniomba niwaandikie kazi yetu, kwa sababu karatasi za ofisini zinaeleza njia lakini hazielezi kazi. Nimekaa na ombi hilo wiki tatu hapa nyumbani Malvern, na kila nikianza naishia kwa mtu yule yule. Basi nitayaandika yote kwa pamoja: namna ya kuwatembeza watu kumi na wawili kwenye barabara ya Danforth, mtaa wa Wagiriki, mkiwaonjesha vyakula vya Kigiriki, na namna nilivyomkosea mama mmoja pale, akaniomba sentensi moja tu ya kuyamaliza, nami nikashindwa kuitamka. La kwanza mtalihitaji. La pili mtalisoma kwa sababu mimi ndiye ninayeandika.

Kazini niliingia kwa uongo mdogo. Bosi aliniuliza kama nawajua Wagiriki, nikamjibu kwamba nawajua tangu utoto. Ukweli ni kwamba nilimjua mmoja, mwenye shamba la mkonge kule Muheza ambako marehemu baba alikuwa mkata mkonge, na huyo nilimwona mara mbili, zote akiwa ndani ya gari na vioo vimepandishwa. Lakini nilikuwa nimechoka kukunja mashuka ya hoteli kule Malton, na magoti yangu yalitaka kazi ya kutembea badala ya kusimama. Magoti hayakujua yanachokitaka.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, mvua ya rasharasha. Nilikuwa nimekariri kurasa nne za historia. Kituo cha kwanza kilikuwa souvlaki, ambayo ni mishikaki, ila msiwaambie wenyewe. Pale wanatumia nguruwe, kwa hiyo sikuionja siku ile wala siku nyingine yoyote. Kwa miaka kumi na tisa nimeisifia nyama hiyo kwa kutazama nyuso za wanaoila. Cha pili kilikuwa jibini na zeituni. Cha tatu, duka la mikate la Stavros, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilisimama mlangoni na sinia la koulouri mkononi, ile mikate ya duara yenye ufuta, nikaanza kumwaga historia. Wageni walikuwa wanalitazama sinia, mimi nazungumzia wafalme.

Stavros akatoka nyuma ya kaunta. Alikuwa mtu mfupi, nyusi zimejaa unga, na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati, uso ambao nilikuja kujua kuwa ndio wake wa siku zote. Akanichukulia sinia, akagawa mikate bila kusema neno, watu wote wakanyamaza na kula. Kisha akaniambia kwa Kiingereza chake cha kukatakata, "Wape kwanza. Sema wakitafuna. Mtu akitafuna hawezi kukukatiza."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Mafunzo ya ofisini yalichukua saa mbili na yalihusu zaidi jinsi ya kuvaa beji. Stavros alinifundisha miaka kumi na moja, kila Jumamosi, dakika tano tano. Alinifundisha kuhesabu viatu badala ya nyuso, maana kuanzia mwezi wa kumi na moja hapa nyuso zote ni skafu. Alinifundisha kuvuka mwisho kwenye taa na si mwanzo, ili asibaki mtu upande wa pili akipiga picha. Alinifundisha kuonja mimi kwanza, kijiko kimoja mbele yao, waone kwamba chakula si cha moto mno na si cha kutisha. Na alinifundisha kwamba nikiulizwa nisichokijua, niseme sijui. Alisema hawa watu wamekuja kula mkate, na uongo wanaupata kwingine bila kutembea.

Jina langu ni Mwanaidi, lakini yeye aliliona refu akalikata likawa Aidi, na mtaa mzima ukafuata. Mkewe, Kiria Fotini, naye akaniita hivyo hivyo. Kiria ni kama sisi tunavyosema Bi. Yeye ndiye aliyekuwa akipika vitu vitamu na kukaa kwenye pesa, mwanamke mwembamba, mpole, asiyecheka ovyo. Waliishi juu ya duka.

Niwape na kesi ngumu, maana mtakutana nazo. Kuna bwana aliyeniambia mbele ya kundi kwamba hana aleji ya kitu chochote. Akala koulouri, midomo ikaanza kuvimba mbele ya macho yetu. Kumbe alijua fika kwamba ufuta unamdhuru, ila aliona haya kusema mbele ya mchumba wake. Sindano yake ya dharura ilikuwa mfukoni, alhamdulillahi. Tangu siku hiyo namuuliza kila mtu pembeni, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, na ninyi fanyeni hivyo. Kuna na yule mama aliyelalamika kwamba zeituni ina kokwa. Kwa hilo sina ushauri.

Sasa sikilizeni utaratibu wa sinia, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo. Jumamosi duka la Stavros lilijaa hadi mlangoni, na hakutaka mimi na watu wangu tupange foleni na wateja wake. Kwa hiyo alituwekea meza ndogo ya marumaru pembeni, karibu na dirisha. Sinia letu lilikaa pale, limefunikwa kitambaa cheupe. Mimi nilikuwa naingia, nafunua, nagawa, naondoka. Sikuuliza wala sikuulizwa. Siku nyingine ni koulouri, siku nyingine pai la mchicha, siku nyingine kitu kipya alichotaka kutushangaza nacho. Nilizoea hivyo mpaka mkono ukawa unakifuata kitambaa wenyewe.

Mwaka wa kumi na moja, mwezi wa pili, Stavros aliugua siku nne akafariki. Nilikwenda kanisani, nikakaa nyuma kabisa na ushungi wangu, nikisimama waliposimama na kukaa walipokaa. Nililia pale kuliko nilivyolia kwa baadhi ya ndugu zangu, na nasema hivyo bila kujivunia. Jumamosi iliyofuata niliwaza kwamba meza ya marumaru itakuwa tupu. Nikakuta sinia, na kitambaa. Kiria Fotini alikuwa kwenye pesa, amevaa nyeusi tupu. Akanipa ishara kwa kidevu kwamba niendelee.

Ikapita wiki, ikapita nyingine. Jumamosi moja aliniambia kwamba Jumapili ya wiki inayofuata niende kanisani. Nikaitikia kwa heshima, bila kuuliza kuna nini. Mimi, mtu wa Tanga, niliyekulia kwenye hitima, ninayehesabu arobaini ya kila maiti ya mtaani kwetu kwa vidole, sikumhesabia Stavros. Nilidhani arobaini ni yetu sisi.

Jumamosi iliyofuata nilifika na kundi langu saa zile zile. Kwenye pesa alikuwepo binti mgeni aliyeajiriwa siku mbili nyuma, naye akanipungia mkono nipite. Kiria Fotini hakuwepo. Kwenye meza ya marumaru palikuwa na sinia kubwa kuliko kawaida, kitambaa juu. Nikafunua. Ilikuwa ngano iliyochemshwa na kukaushwa, imechanganywa na zabibu kavu, lozi, mdalasini na punje za komamanga, juu imefunikwa sukari ya unga na kusawazishwa ikawa kama ukuta uliopakwa chokaa. Pembeni palikuwa na bakuli la lozi za sukari, nyeupe na za rangi ya fedha. Kitu hicho sikuwahi kukiona. Nikasema moyoni kwamba Kiria Fotini ametufanyia jambo jipya, kama Stavros zamani.

Nikazinyunyiza zile lozi juu ya sukari, bila mpango, nikidhani zimewekwa kwa kazi hiyo. Nikachota kijiko cha kwanza nikaonja mbele yao. Tamu. Nikajaza vikombe vya karatasi kumi na viwili. Bwana mmoja akauliza ni chakula gani. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sijui. Nikatazama weupe ule na zile lozi za fedha, nikawaambia ni chakula cha harusi, kwamba ngano na komamanga ni dua ya uzazi kwa bibi harusi. Lilinitoka kirahisi sana. Wakafurahi, wakagonganisha vikombe, wakampongeza bibi harusi. Mmoja akapiga kigelegele cha kuigiza.

Kiria Fotini akashuka ngazi wakati huo. Mkono mmoja ameshika picha ya Stavros kwenye fremu, mkono wa pili karatasi yenye msalaba na herufi za jina lake zilizochorwa kwa penseli, ili azifuatishe kwa zile lozi. Mama mmoja wa kundi langu, mwenye kofia ya manjano, akamgeukia akamuuliza kama yeye ndiye mama wa bibi harusi, akampa hongera.

Kiria Fotini aliilaza picha juu ya meza, uso chini. Hakupandisha sauti.

"Wamekula wangapi, Aidi?"

Nikamwambia kumi na wawili.

"Hii ni ya Stavros. Kesho ni siku arobaini. Anayekula anasema, Mungu amsamehe. Kila anayekula, mdomo mmoja zaidi unamwombea." Akavitazama vikombe. "Hawa wamesema nini?"

Walikuwa wamesema hongera. Nilitamani ardhi ipasuke, na hapo hapo nikafanya jambo ambalo bado linaniuma kuliko lile la kwanza: sikuwaambia wageni. Niliinua mwavuli, nikahesabu viatu, nikawatoa nje, nikawapeleka kituo cha loukoumades. Hizo ni kaimati, msibishane na mimi. Wakala, wakafurahi, wakaandika kwenye mtandao kwamba ilikuwa siku nzuri.

Kesho yake nilikwenda kanisani. Kiria Fotini alikuwa amechemsha ngano upya kwa haraka, na watu waliokaa mbele yangu walinong'onezana kwamba haijaiva vizuri. Mlangoni kila anayetoka alipewa kifuko kidogo cha ngano hiyo. Binti yao, Despina, ndiye aliyekuwa anagawa. Mimi nilipofika, Kiria Fotini akamgusa mkono, na Despina akampa mtu wa nyuma yangu.

Nilikaa na jambo hilo kama wiki, sili vizuri, silali vizuri. Kisha nikaenda ofisini kuomba anwani za barua pepe za wale kumi na wawili. Bosi akaniambia hakuna aliyeumwa tumbo, sasa nataka kuomba radhi ya nini. Nikamsumbua hadi akanipa. Nikamwita mwanangu Sauda anisaidie Kiingereza cha kuandika. Sauda anasikia kila neno la Kiswahili na hajibu hata moja.

"Mama, this is so weird," akasema. "They'll think it's a scam."

Nikamwambia aandike. Tuliwaeleza kwamba chakula kile hakikuwa cha harusi, kwamba mwongozaji aliwadanganya, kwamba kilikuwa cha marehemu aitwaye Stavros, mwokaji mikate, na kwamba tunawaomba, popote walipo, waseme kwa sauti mara moja: Mungu amsamehe. Kisha watujulishe.

Wanne walijibu wiki ile ile. Nesi mmoja alisema ndani ya basi akienda zamu, na mtu wa kiti cha pili akaitikia amina bila kujua ni ya nani. Bwana mmoja akaandika kwamba haamini kama Mungu yupo, ila amesema, jikoni kwake, mlango umefungwa. Yule mama wa kofia ya manjano aliandika kurasa mbili, na kutokana na maandishi yake nilijua alikuwa analia. Mmoja alitaka arudishiwe hela za matembezi, akarudishiwa, naye akasema. Wengine niliwaandikia mara tatu, mara nne. Wa kumi na mbili alikuwa amehama, barua pepe zinarudi. Ilinichukua mwaka na nusu kumpata kwa simu huko Winnipeg. Alikuwa amesahau duka, amesahau mtaa, amenisahau mimi. Alichokumbuka ni mdalasini. Nikamsomea sentensi, akairudia, nikasikia mtoto wake nyuma akiuliza Stavros ni nani.

Nikaandika majina yote kwenye karatasi, kwa mkono wangu, na mbele ya kila jina mahali aliposemea. Nikaipeleka dukani siku ya Jumatatu asubuhi, hakuna wateja. Tangu siku ile, matembezi hayakuwa yakisimama pale tena. Kiria Fotini akavaa miwani, akaipitia karatasi kwa kidole, jina hadi jina, kama anayesoma kitu cha kanisani. Nilidhani tumemaliza. Nakiri kwamba nilikuwa najisikia vizuri.

"Kumi na tatu," akasema.

Nikamwambia hapana, kundi letu halizidi kumi na wawili.

"Wewe ulionja kwanza. Stavros alikufundisha kuonja kwanza."

Nililia ndani kwa ndani. Mwaka na nusu nilikuwa nimewasumbua watu wa miji sita waseme sentensi ile, na mimi mwenyewe sikuwa nimeisema. Wala si kwa kusahau. Kwetu tulifunzwa madrasa kwamba asiye wa dini yetu anaombewa uongofu angali hai. Akishakufa, tunamwachia Mola wake. Si chuki, ni mpaka. Nilikuwa naujua mpaka huo tangu nikiwa na miaka saba, na nilikuwa nimeuzunguka kwa kuwatuma watu wengine wavuke. Nikajaribu kumweleza Kiria Fotini haya kwa Kiingereza changu, nikayasikia yakitoka mdomoni baridi kuliko yalivyokuwa moyoni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni, akarudi nyuma kwenye mikate. Hakunifukuza. Mlango nilijifungulia mwenyewe.

Baada ya hapo niliibadilisha njia. Duka moja kabla ya la Stavros, tunavuka kwenda upande wa pili, tunapita, tunavuka tena kurudi. Wanjiku, uliwahi kuniuliza, "Mama Sauda, mbona tuna-cross mara mbili na hii baridi yote?" nikakujibu kwamba upande ule una jua. Hauna. Kwa miaka sita nilimwona Kiria Fotini kupitia kioo, kutoka upande wa pili wa barabara, akizidi kuwa mdogo nyuma ya kaunta. Aliniona pia. Hakuna aliyepunga mkono. Mara nyingi nilisema Jumamosi ijayo nitaingia. Nilikwenda hata kumuuliza shehe mmoja, mtu mwema, akanijibu kwa upole kile nilichokuwa nakijua. Nikarudi nyumbani nikiwa pale pale.

Amefariki mwaka huu, majira ya baridi. Habari nilizipata kwa kuona karatasi mlangoni. Arobaini yake niliihesabu, kwa vidole, siku kwa siku, na siku yenyewe ilipofika sikwenda, kwa sababu sikujua nitafanya nini nikipewa kifuko, na sikujua nitafanya nini nikinyimwa.

Wiki yangu ya mwisho kazini Despina alinipigia simu. Alikuwa anaondoa vitu, duka limepata mpangaji mwingine. Alisema kuna kitu changu. Nikaenda. Rafu zilikuwa tupu, meza ya marumaru imeegemezwa ukutani miguu juu. Despina ni mtoto wa hapa, anafanya kazi benki, ana haraka zake. Akanipa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Nikafungua, nikakuta kisu cha kukatia mapai, kimenolewa hadi kimekonda, mpini umezungushiwa utepe wa bluu.

Nikamwambia hiki si changu.

Akasema ni changu. Baba yake alikinunua wiki ya kwanza niliyoanza kazi. Hapo dukani walikuwa wanatengeneza na mapai ya soseji za nguruwe, na visu vyote vilikuwa vinapita humo humo. Huyu Aidi hali nguruwe, baba yake alisema, basi kisu chake kikae peke yake. Utepe wa bluu, hakuna mtu wa kukigusa, hakikati kitu kingine ila kipande changu. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja nilikula pai la jibini pale, nimesimama, nikiwa na haraka, na sikuwahi hata mara moja kuuliza limekatwa na nini. Hakuniambia. Na mama yake, Despina akasema, baada ya baba kufa aliendelea kukiosha na kukiweka peke yake, hata miaka yote ile nilipokuwa siingii. Yeye Despina hakuelewa kwa nini.

Nilisimama katikati ya duka tupu nimekishika kwa mikono miwili. Machozi yalinitoka bila kelele. Kisha nikasema, kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza ilikuwa sentensi ya wale kumi na wawili:

"Mungu amsamehe Stavros. Mungu amsamehe na Fotini."

Despina hajui Kiswahili. Alidhani ninamshukuru. Akasema nisijali, ni kisu tu.